CD imegoma kuimba: kulitafuta kosa kati ya video, kompyuta na redio

"Kijana wangu, hii CD yako imenikataa." Hivyo ndivyo anavyoanza karibu kila mteja anayerudi dukani kwangu na CD mkononi. Namwamkia, namvutia kiti, kisha CD naitia kwenye kompyuta kabla hatujafika kwenye habari za kurudishiana pesa. Mara nyingi CD yenyewe haina ubaya wowote.

Kazi inajulikana. Mtu ana video ya harusi, ya kwaya, ya mawaidha au ya mazishi, imo kwenye simu au kwenye flashi. Anataka sauti peke yake ikae kwenye CD, ili mzee aliyeko kijijini aisikilize kwenye redio yake au mwenyewe aicheze garini. Hatua ni tatu: kuitoa sauti kwenye video, kuigeuza iwe ya aina inayokubalika na CD, na kuichoma. Kosa laweza kuzaliwa kwenye hatua yoyote, ila watu hulikuta mwishoni kabisa, mbele ya redio. Ndiyo maana lawama zote hubebeshwa CD.

Basi kabla ya kugusa chochote, sikiliza mara tatu: video yenyewe, faili la sauti lililotoka, halafu CD. Ubaya unapoanza kusikika, kosa liko hapo hapo. Usihangaike na hatua zinazofuata. Na usikilize kwa hedfoni, si kwa spika ya simu. Sababu yake utaiona huko chini.

Mimi hutumia FFmpeg, programu ya bure, kwa amri hii moja:

ffmpeg -i harusi.mp4 -vn -ac 2 -ar 44100 -c:a pcm_s16le harusi.wav

Maana yake: picha iache, sauti iwe na njia mbili (kushoto na kulia), sampuli (yaani vipimo vya sauti) 44,100 kwa sekunde, kila kimoja cha biti 16. Hizo ndizo namba za CD ya sauti tangu Philips na Sony walipokubaliana kuhusu kiwango chake mwaka 1980. Asiyependa kuandika amri atumie VLC, programu ya kuchezea video: menyu ya Media, "Convert / Save", kisha achague "Audio - CD" na ahakikishe jina la faili linaishia na .wav.

"Kwenye kompyuta inaimba, kwenye redio inaandika ERROR"

Lalamiko namba moja hili, na linastahili nafasi kubwa kuliko mengine.

Anza na ukaguzi usio na gharama. Chukua CD yoyote ya dukani unayojua ni nzima, itie kwenye redio hiyo hiyo. Nayo ikikataa, ugonjwa uko kwenye redio, usipoteze CD nyingine. Ikiimba, rudisha CD yako kwenye kompyuta uifungue uone kilichomo. Kwenye Windows, CD ya sauti halisi huonyesha Track01.cda, Track02.cda na kuendelea, kila kimoja kikiwa na ukubwa wa KB 1. Udogo huo usikushtue. Hayo si mafaili ya muziki, ni alama tu za kuonyesha kila wimbo unaanzia wapi. Ndiyo maana anayenakili hizo .cda kwenye flashi huambulia patupu. Lakini ukiona harusi.mp3 au harusi.mp4, umechoma CD ya data, na hapo umeshampata mchawi.

Kwa ninavyoona dukani, hiyo ndiyo sababu inayoongoza kwa mbali. Kompyuta inajua faili ni nini, redio ya zamani haijui. Yenyewe inatafuta mawimbi ya sauti yaliyoandikwa moja kwa moja kwenye CD. Windows nayo inachangia: ukitia CD tupu inauliza unataka kuitumiaje, na jibu la kwanza ni "Like a USB flash drive". Watu wengi hulibonyeza kwa sababu wameona neno USB wanalolijua. CD ya namna hiyo huandikwa kwa mfumo ambao redio nyingi hazijawahi hata kuusikia. Funga dirisha hilo. Fungua Windows Media Player ya zamani, nenda upande wa Burn, na kwenye machaguo yake weka "Audio CD", si "Data CD or DVD". Kwenye Linux, K3b na Brasero zina mradi wa CD ya sauti. Kwenye Mac, tengeneza orodha ya nyimbo kwenye programu ya Music na uichome kutoka hapo.

Kuna redio za kati na kati zenye neno MP3 usoni. Hizo husoma CD ya data, mradi mafaili ni MP3 kweli. Ukizipa .m4a, .wav au .mp4 zitapita kimya kana kwamba hazijaona kitu.

Sababu ya pili ni CD isiyofungwa. Programu nyingine huacha mlango wazi ili uongeze nyimbo baadaye. Kompyuta itaisoma, redio haitaisoma mpaka uchome kwa chaguo la kufunga CD, ambalo programu nyingi huliita "Finalize" au "Close disc". CD ya sauti ichome yote kwa mkupuo mmoja, basi.

Ya tatu ni CD-RW, ile inayofutika. Inarudisha mwanga kidogo mno ukilinganisha na CD-R ya kawaida, na jicho la redio ya zamani halioni kitu. Nunua CD-R. Ni rahisi kuliko kubishana na redio.

Ya nne ni mwendo wa kuchoma, pamoja na ubora wa CD. Ukichoma kwa 52x (mara 52 ya mwendo wa kusikiliza) kwenye CD za bei ya kutupa, kompyuta itaisoma kwa sababu ina uwezo mkubwa wa kusahihisha makosa. Redio itaanza vizuri, halafu irukeruke kadiri nyimbo zinavyosogea ukingoni. Mimi huchoma kwa 16x. Kushuka hadi mwendo wa chini kabisa si lazima, maana CD nyingi za sasa zimetengenezwa kwa mwendo wa juu na huwa hazifurahii kuburutwa.

Ya mwisho ni lenzi ya redio yenyewe, vumbi au uzee. CD ya kusafishia lenzi ijaribu mara moja. Isiposaidia, mpelekee fundi. Usifungue redio wala drayvu ya kompyuta ukaiwasha ikiwa wazi ili uchungulie. Mwanga wa leza ya CD una urefu wa wimbi wa nanometa 780 hivi, jicho haliuoni sawasawa, kwa hiyo hutapepesa wala kukwepa wakati unaumia.

Onyo jingine hapo hapo: CD yenye stika ya karatasi isiingizwe kwenye redio ya gari ya kumeza. Jua la dashibodi hulegeza gundi, stika hunyanyuka kidogo, na CD haitoki tena. Ikishanasa usiingize kisu wala koleo. Huo mlango una meno ya plastiki na leza nyuma yake. Fundi wa redio za magari ataifungua kwa dakika chache. Jina liandike kwa kalamu laini ya maji iliyotengenezwa kwa ajili ya CD.

"Faili la sauti limetoka, lakini kimya"

Kwanza, je, kweli limetoka? VLC inapogeuza faili, mstari wa muda hutembea bila sauti yoyote. Watu hudhani imeharibika na kuifunga katikati. Iache ifike mwisho.

Pili, kuna wanaobadilisha jina tu. Kufuta .mp4 na kuandika .mp3 hakugeuzi kitu. Umebandika kibao cha duka la nyama kwenye duka la vitabu. Simu nyingine zitalicheza kwa sababu zinaangalia ndani, programu ya kuchoma italikataa. Rudisha jina la zamani na ugeuze inavyotakiwa.

Tatu, video yenyewe haina sauti. Hili hutokea kwa video zilizotumwa WhatsApp, kwani aliyetuma anaweza kuwa amezima sauti kabla ya kutuma bila kujua. Ifungue kwenye VLC, bonyeza Ctrl+J, usome orodha. Kama kuna mkondo wa picha tu, hakuna programu duniani itakayokutolea sauti hapo. Mwombe aliyetuma akupe faili la asili.

Orodha hiyo hiyo huonyesha pia kama kuna mikondo miwili ya sauti au zaidi, jambo la kawaida kwenye video zilizotafsiriwa, na programu imechukua usiyoutaka. Ongeza -map 0:a:1 kwenye amri, kabla ya jina la faili linalotoka, upate mkondo wa pili. Hesabu inaanzia sifuri.

Wanaotumia Audacity, programu ya kuhariri sauti, wakiambiwa faili halifunguki wasikate tamaa: programu hiyo haifungui MP4 nyingi mpaka iongezewe maktaba ya FFmpeg. Na kama faili ulilipakua ndani ya programu ya kulipia kwa mwezi, hilo limefungwa kwa makusudi. Liache lilivyo. Nyimbo za watu zina wenyewe, na wa kumwomba ruhusa yupo.

"Inasikika upande mmoja", au "inasikika kama iko ndani ya pipa"

Mama mmoja aliniletea video ya ibada ya mazishi ya mumewe. Nikatoa sauti, nikasikiliza kwa spika za dukani, safi kabisa, nikamchomea. Kesho yake amerudi: CD haina kitu, amekaa nayo jioni nzima anasikia muungurumo tu. Nikaijaribu, inaimba. Akaenda, akarudi tena, safari hii na redio yake kwenye kapu. Maikrofoni ya mpiga picha ilikuwa imeingia njia ya kushoto peke yake, na spika ya kushoto ya redio yake ilikuwa imekufa miaka mingi. Spika zangu za dukani zilikuwa zinachanganya njia zote mbili, nisingeweza kujua. Tangu siku hiyo hedfoni hazitoki shingoni.

Dawa ni kuichukua njia yenye sauti na kuijaza pande zote mbili:

ffmpeg -i ibada.mp4 -vn -af "pan=stereo|c0=c0|c1=c0" -ar 44100 -c:a pcm_s16le ibada.wav

Kama sauti iko kulia, andika c0=c1|c1=c1 badala ya c0=c0|c1=c0.

Ya pipa ni kesi ngumu zaidi na inawachanganya hata mafundi. Kwa hedfoni unasikia watu wote, ila kana kwamba wanaongea nyuma ya kichwa chako; kwa redio ya spika moja, sauti ya mhubiri inapotea kabisa na inabaki mwangwi wa ukumbi. Hutokea waya wa mikseta wenye njia iliyopinduliwa unapochomekwa moja kwa moja kwenye tundu la stereo la kamera. Kushoto kunapanda pale kulia kunaposhuka, na zikikutana zinauana. Usihangaike na vidude vya kuongeza besi. Amri ile ile ya juu inatibu, kwa sababu inaiacha njia moja ifanye kazi peke yake.

Video iliyotoka kwenye DVD yenye njia sita nayo ina tabia yake. Maneno ya wahusika hukaa kwenye njia ya katikati. Ukizichukua za mbele kushoto na kulia pekee, utabaki na muziki na milango inayofungwa. Acha -ac 2 izichanganye zote.

"Sauti ni nzito kama ya mtu mwenye usingizi"

Video nyingi zina sampuli 48,000 kwa sekunde, CD inataka 44,100. Programu nzuri hukokotoa upya. Mbovu huzichukua zile 48,000 na kuzicheza kwa mwendo wa 44,100: mhubiri anakuwa na kifua kizito, na mawaidha ya dakika 60 yanachukua dakika 65 na ushee. Ukisikia sauti nyembamba kama ya katuni, kosa ni lile lile limegeuka. Pima urefu wa WAV kwa urefu wa video. Zikitofautiana, rudia kwa -ar 44100. Hakuna sababu nyingine ya kutafuta.

"Inapasuka", "inakwaruza", "iko chini mno"

Sikiliza video. Kama mlio unapasuka tangu huko, maikrofoni ilizidiwa siku ya tukio, na kilele kilichokatwa hakirudi. Unaweza kukipunguza makali, si kukitibu. Mwambie mteja ukweli mapema.

Kama video ni safi ila WAV inapasuka, mtu ameongeza sauti kupita kiasi. Itoe upya kwenye video, kisha kwenye Audacity tumia "Normalize" na uweke kilele kwenye desibeli -1. Kwa mawaidha yenye minong'ono na vigelegele kwa pamoja, "Compressor", inayosogeza karibu sauti za juu na za chini, husaidia, lakini taratibu. Ukizidisha, kelele za feni zinapanda hadi zinashindana na shehe.

Na acha kupitisha sauti kwenye MP3 kisha WAV kisha MP3 tena. Kila MP3 inatupa kitu. Kutoka kwenye video nenda WAV moja kwa moja, uchome.

"Nyimbo zangu zina MB 120, CD ni ya 700, mbona inasema haitoshi?"

Kwa sababu CD ya sauti hupimwa kwa dakika. Ile ya MB 700 inabeba dakika 80, ya MB 650 inabeba 74, hata kama mafaili yako ni madogo kama punje. MP3 hufunguliwa kwanza, na kila dakika inakuwa kama MB 10. Mawaidha ya saa mbili yanataka CD mbili, hakuna ujanja. Au kama redio inasoma MP3, choma CD ya data na yote yataingia na nafasi ibaki.

Mwisho ni vipande 99 kwa CD. Jambo ambalo wengi hawalifanyi, nami huwasisitizia: mawaidha marefu yakate vipande vya dakika tano tano, la sivyo mzee akizima redio katikati ataanza upya kila siku. Choma kwa "Disc-at-once" ili kusiwe na ukimya wa sekunde mbili kati ya vipande. Ukisikia "tiki" ndogo kwenye maungio, ni kwamba ulikata mahali pasipolingana na fremu za CD. Sekunde moja ina fremu 75, kila moja sampuli 588. Audacity ina kipimo cha muda cha fremu za CD. Kata hapo, tiki itaondoka.

"Kuchoma kunakufia njiani"

Jaribu CD ya kampuni nyingine kwanza. Ujumbe wa "Power calibration error" mara nyingi unamaanisha drayvu imeshindwa kuelewana na aina hiyo ya CD, au lenzi ni chafu.

Kama ni drayvu ya nje, chunguza umeme wake. Tundu la USB 2.0 limewekewa kikomo cha miliampia 500, na wakati wa kuchoma leza hutaka zaidi. Zile zenye waya wa matawi mawili, chomeka yote mawili, nyuma ya kompyuta, si kwenye kigawanyio. Zuia kompyuta isilale usingizi katikati ya kazi. Na umeme wa mtaani ukiwa na mafua, usianze kuchoma kwenye kompyuta isiyo na UPS (betri ya kushikilia umeme unapokatika): CD-R iliyokatikia katikati ni kisahani cha chai.

CD yenye ufa, hata wa unywele karibu na tundu, itupe, usiijaribu. Kwa 52x huzunguka kiasi cha mara 10,000 kwa dakika na inaweza kupasukia ndani. Ukisikia mlio wa kusaga, zima kompyuta. Mlango wa drayvu ukigoma, kuna tundu dogo usoni. Kompyuta ikiwa imezimwa, sukuma humo klipu ya karatasi iliyonyooshwa. Ikiwa vipande vimesambaa ndani, acha kuivuta, mpe fundi.

"Video yenyewe haifunguki"

Simu ilizimika chaji ikirekodi, au mtu alichomoa kadi. FFmpeg itaandika "moov atom not found". Simu huandika fahirisi ya MP4 mwishoni mwa kurekodi, na mwisho haukufika. Picha na sauti zimo, ila hakuna ramani ya kuzifikia. Programu ya bure ya untrunc inaweza kuijenga ramani hiyo ukiipa video nyingine nzima iliyopigwa kwa simu ile ile, kwa mipangilio ile ile. Fanya kazi kwenye nakala, kamwe si kwenye kadi.

Na kama faili halionekani kabisa kwenye kadi, au lina ukubwa wa sifuri, na hiyo ndiyo nakala pekee ya harusi au mazishi, simama hapo. Usirekodi kitu kipya, usikubali simu inapokuomba uifomati kadi, usiirudishe kwenye kamera. Itoe, ifunge kwenye karatasi, uipeleke kwa fundi wa kuokoa data. Swali lake la kwanza litakuwa kama umeandika chochote juu yake tangu siku ile.